Nchi Isiyogeuza Vitumbua

Nchi ya Daima ipo, na anayetaka kubisha abishe akiwa amekaa. Bi Mishi binti Mwinyihaji alifika huko kwa miguu yake miwili, akala vitumbua vyao, na hadi leo akivikumbuka koo linamkauka. Njia aliyopita hapendi kuieleza. Alikuwa anakwenda hitima kwa wifi yake, akapotea, na mwanamke wa umri wake hataki neno hilo litajwe karibu na jina lake. Basi na tuanzie mpakani.

Hapo mpakani palikuwa na kibanda, na nje ya kibanda askari amesimama wima, kisogo kwa mgeni. Bi Mishi akatoa salamu.

"Wa alaykumu salaam," askari akaitikia bila kugeuka. "Njoo mbele yangu, mama, nikuone uso. Mimi siwezi kukugeukia."

"Shingo imekubana?"

"Shingo nzima, alhamdulillahi. Ni sheria."

Bi Mishi akamzunguka. Askari mwenyewe alikuwa mtu mzima, jina lake Jongo, mwenye masharubu aliyoyatunza kama kitalu cha mchicha. Alipomwona mgeni anazunguka, akafumba macho upesi.

"Hapo ulipopita kona sikuona," akasema. "Ningeona ningeandika. Haya, umegeuka mara ngapi tangu asubuhi?"

"Mwanangu, mtu anahesabu kugeuka?"

"Huku tunahesabu, mama."

Bi Mishi hakuwa mtu wa kupayuka. Alikuwa mjane wa miaka tisa. Mumewe, Mzee Shee, Mungu amrehemu, alilala kitandani miaka miwili kabla ya kuondoka, na yeye ndiye aliyemlisha, aliyemwosha na kumgeuza, ubavu huu na ubavu ule, hata mikono yake ikaijua kazi hiyo kuliko kusuka ukili. Kabla ya hapo na baada ya hapo alikuwa muuza vitumbua. Mtu aliyekaa mbele ya jiko miaka thelathini amejifunza kutazama na kunyamaza. Akatazama.

Mgeni wa Daima hupewa askari wa kumwongoza siku za kwanza, asije akageuka kwa kutojua. Jongo akamwongoza.

Waliyoyaona njiani ni haya. Mikokoteni ya punda ilikuwa imeng'olewa magurudumu, inaburutwa kwa tumbo, punda sita kwa gunia moja la mihogo, na punda wenyewe wana nyuso za watu waliokosewa. Saa ya mjini ilikuwa imepigwa misumari mishale yake, inaonyesha saa mbili kamili, saa aliyotawazwa Sultani. Mtu aliyekwenda sokoni hurudi nyumbani kinyumenyume, kwa kuwa kurudi uso mbele kunataka kugeuka. Kwa hiyo njia nzima ilikuwa watu wanagongana makalio na kuombana radhi.

"Samahani, kisogo!"

"Usijali, kisogo! Wasalimie nyumbani!"

Kufuli hakuna, maana ufunguo huzungushwa. Bi Mishi akauliza kuhusu wezi.

"Wezi wapo," Jongo akasema, "lakini hatuwapati. Mwizi akitoka kwako na mbuzi anatoka kinyumenyume, na wewe unaona mtu anakuingizia mbuzi. Mwezi uliopita nilimshukuru mmoja. Nikampa na maji ya kunywa."

"Na nani aliyetunga haya?"

Jongo akatazama mbele, ambako ndiko pekee alikoruhusiwa kutazama, akaeleza. Sultani wa sasa anaitwa Thabiti wa Milele. Ijumaa ya kwanza baada ya kutawazwa alikwenda msikitini, na sheikh akahutubu kuhusu ufalme wa dunia. Sheikh akasema kwamba Mola ndiye anayempa ufalme amtakaye na ndiye anayemvua. Akasema siku hupitishwa kwa watu kwa zamu, leo huyu, kesho yule, ili ajulikane nani atashukuru na nani atasubiri. Watu wakawa wanasinzia. Sheikh, ili awaamshe, akatoa mfano: tawala ni kama vitumbua kwenye chuma chake, kilicho juu kikageuzwa kikawa chini, na cha chini kikawa juu.

"Hapo Sultani akaamka," Jongo akasema. "Akatoka msikitini bila viatu. Akaliuliza Baraza: hivi vitumbua vinageuzwa na nani?"

"Ya Rabbi."

"Baraza likakaa siku tatu. Likaona kuwa tatizo limepatikana. Vitumbua visipogeuzwa, utawala utageukia wapi? Sheria ikapita. Halafu wakaona vitumbua peke yake havitoshi, wakaongeza samaki, chapati, magurudumu, funguo, mwisho watu."

"Kwa hiyo sheikh aliwaonya, na ninyi mkachukua onyo mkalifanya fundisho la mapishi."

"Mama, mimi ni askari wa mpakani."

"Na kwenye Sala? Mnatoaje salamu, kulia na kushoto?"

"Hapo palikuwa na mvutano. Waziri alitaka salamu ya macho tu. Sheikh akamwambia, shingo yangu naigeuza kwa amri ya aliye juu ya bwana wako, na ukitaka njoo uishike. Ikabidi atafutwe karani wa serikali, anakaa safu ya nyuma, ikifika salamu anafumba macho. Mwezi unaisha, daftari lake halina kosa hata moja."

Wakafika sokoni, na huko ndiko mambo yalikoharibika.

Muuza vitumbua mmoja alikuwa amekaa mbele ya chuma chake chenye vishimo saba. Uji wa mchele ulikuwa mzuri, Bi Mishi aliuona kwa jicho tu: hiliki ipo, tui lipo, hamira imekubali. Lakini vitumbua vilipotolewa, chini vilikuwa makaa na juu vilikuwa uji.

"Unataka upande gani, mama?" muuzaji akamuuliza. "Chini tunaita upande wa serikali. Juu ni upande wa raia."

"Upande wa serikali umeungua."

"Ndiyo, lakini mgumu. Hauvunjiki."

Bi Mishi akala kimoja kwa adabu, akameza kwa taabu. Macho yakamwendea chumani, ambako kundi jingine lilikuwa linaanza kutoa moshi pembeni. Miaka thelathini ya kazi haimuulizi mtu ruhusa. Mkono ukainuka wenyewe, ukachukua kijiti kwenye kapu lake, ukakichoma kitumbua kimoja ubavuni na kukipindua. Kikageuka. Upande wa dhahabu ukaja juu, unang'aa mafuta.

Soko lote likaweka vikapu chini. Kisha mama mmoja akaangua kilio.

"Mama, mama, mama," Jongo akasema, ameshika kichwa. "Hicho nimekiona. Nilikuwa natazama moja kwa moja."

Akampeleka kwenye Baraza, na kitumbua kikabebwa mbele yao juu ya sahani, kimefunikwa kitambaa, kama bibi harusi.

Baraza la Daima lina wazee saba, na mkuu wao ni Bwana Sudi, Waziri wa Mgando, mtu mnene mwenye sauti ya kubembeleza. Mkononi ana tasbihi. Bi Mishi aliitazama ile tasbihi kwa muda mrefu: kidole kilikuwa kwenye punje moja tu, hakisogei, maana punje nazo huzunguka. Na Sultani Thabiti alikuwa amekaa kwenye kiti kirefu chenye mito, mwembamba, macho mbele. Alikuwa hajatoka kwenye kiti kile tangu sheria ipite, miezi kumi na moja. Alikula hapo, alilala hapo, na mengine waliyafanyia mpango.

Jambo jingine aliloliona Bi Mishi ni hili: wazee sita walimtazama Sultani. Waziri Sudi alikitazama kiti.

Kesi ikaanza. Mzee wa kwanza akauliza kama kweli kitumbua kiligeuka, au dunia nzima ndiyo iliyogeuka na kitumbua kikabaki palepale. Mzee wa pili akasema suala ni kubwa, kidhibiti kichunguzwe. Kikachunguzwa. Mzee wa tatu akasema kwa jicho haitoshi, akamega. Akafumba macho. Akatafuna polepole.

"Ni nini hiki?" akauliza kwa sauti ya mtu aliyekumbuka utoto wake.

"Kitumbua kilichoiva pande zote," Bi Mishi akasema.

Wa nne akaomba ahakikishe. Wa tano naye. Sahani ilipofika kwa Waziri Sudi ilikuwa na chembe mbili, akazilamba.

"Mtukufu," Waziri akasema, akijifuta, "kesi haina kidhibiti."

Na hapo ndipo sauti ilipotoka nyuma ya ukuta, sauti ya mwanamke mzee, nyembamba lakini imejaa:

"Thabiti! Nigeuze!"

Wazee saba wakatazama dari.

"Ni kunguru," Waziri Sudi akasema.

"Thabiti! Nigeuze, mtoto wewe! Nyama inaniungua!"

"Kunguru wa mwaka huu wana maneno mengi," akasema mzee wa pili.

Lakini Bi Mishi alimtazama Sultani, akaona machozi mawili yanamshuka bila yeye kuyapangusa.

"Ni mama yangu," Sultani akasema polepole. "Kiuno kilimgoma. Siku ilipotangazwa sheria alikuwa amelalia ubavu wa kushoto. Basi yupo hivyohivyo. Watumishi wanamkimbia, anawatukana sana. Wewe mgeni, adhabu yako ni hii: ukae naye. Umlishe, umwoshe. Ila ukimgeuza, nitaanguka mimi na utaanguka ufalme, na wewe kichwa chako hakitakaa juu ya mabega yako."

"Nimesikia, mwanangu," Bi Mishi akasema. Wazee wakashtuka kusikia Sultani anaitwa mwanangu, lakini hakuna aliyekumbuka kama kuna sheria ya hilo.

Mama yake Sultani aliitwa Bi Kidawa. Chumba kilikuwa kikubwa, kina dirisha zuri linalotazama mashamba, na yeye alikuwa amelipa kisogo dirisha na uso ameupa ukuta, kwa umbali wa mkono mmoja.

"Nani?" akauliza.

"Mgeni. Naitwa Mishi. Nimehukumiwa kwako."

"Kosa gani?"

"Nimegeuza kitumbua."

Bi Kidawa akacheka hadi akakohoa. "Kaa, mwenzangu. Kaa huku ukutani nikuone. Nimeutazama ukuta huu hadi ukuta wenyewe umenichoka."

Bi Mishi akafunua shuka taratibu, akainama kuchungulia upande uliolaliwa. Alichokiona pajani na kwenye nyonga alikuwa amekiona mara moja tu maishani, wiki ile aliyougua mwenyewe homa na kuwaachia wengine wamtazame Mzee Shee. Vilikuwa vidonda vitatu, na kimoja kilikuwa kinaelekea mfupani. Akavisafisha kwa maji ya chumvi, akapaka asali. Hakusema neno, lakini Bi Kidawa alikuwa anamtazama usoni.

"Niambie. Usinifiche kama hawa."

"Dada yangu, ukigeuzwa leo na kila siku, vitapona kwa uwezo wa Mola. Usipogeuzwa, sidhani kama utauona mwezi wa Ramadhani."

"Zimebaki wiki ngapi?"

"Wiki tano."

Bi Kidawa akahesabu kwa vidole. Kisha akanyoosha kidole ukutani, kuonyesha mahali palipobanduka chokaa. "Njoo usome. Macho yangu yamechoka. Mimi kazi yangu hapa ni kubandua kwa ukucha."

Chini ya chokaa palikuwa na maandishi, na chini ya maandishi chokaa nyingine, na chini yake maandishi mengine. Bi Mishi, aliyesoma hadi darasa la saba na hajaona haya kulisema, akasoma herufi kwa herufi: *Sultani Imara wa Milele. Sultani Dumu wa Milele na Siku Moja. Sultani Jabali wa Milele Kabisa.*

"Jabali alikaa siku arobaini," Bi Kidawa akasema. "Tulikuwa bado hatujamaliza biriani lake. Alipiga chafya mbele ya watu, wakaona ni nuksi, wakamtoa. Aliyefuata ni Dumu, akapiga marufuku kupiga chafya. Watu pua zilivimba! Dumu naye, akiwa amelala, akatolewa na Imara, basi Imara akapiga marufuku kulala. Nchi nzima macho mekundu. Imara mwenyewe akasinzia siku ya nane, amesimama anahutubia, akaanguka kutoka jukwaani. Huyu wangu ndiye alikuwa anamshikia mwavuli. Wakamkuta amesimama peke yake na mwavuli, anaonekana kama mtu mkubwa, wakamtawaza."

"Kwa hiyo kila mmoja anaziba tundu aliloponyokea mwenzake."

"Na kila mmoja anapaka chokaa jina la mwenzake. Hakuna hata mmoja aliyejua kusoma ukuta."

Bi Mishi akarudi kwenye Baraza siku ileile, kinyumenyume ili asipoteze muda na kesi nyingine, akaeleza habari ya vidonda bila kupunguza. Sultani akasikiliza.

"Baraza," akasema, "nipeni njia. Mama yangu asife, na mimi nisianguke."

Wazee wakashika ndevu. Mmoja akapendekeza mama abaki alivyo, igeuzwe nyumba. Fundi akaitwa, akasema nyumba ina mawe. Mwingine akapendekeza itafutwe nchi nyingine ya kumlaza mama, yenye ubavu mwingine. Wakajadili hadi chai. Baada ya chai Waziri Sudi akasimama, akakohoa kwa heshima.

"Mtukufu, mbona jambo ni jepesi. Mama amelalia kushoto, na anataka kulalia kulia. Basi na tupitishe kwamba kuanzia sasa kushoto kunaitwa kulia. Mama atakuwa amelalia kulia bila kuguswa."

Baraza likapiga makofi. Likapita bila hata mmoja kupinga, na Jongo akapewa tangazo alipeleke. Akalisoma mbele ya Bi Kidawa kwa sauti, amekakamaa, masharubu yanatetemeka kwa aibu.

Bi Kidawa akasikiliza hadi mwisho.

"Waambie ahsante," akasema. "Na uwaambie kidonda changu hakijui kusoma."

Jongo akasimama pale na karatasi yake. Akamtazama Bi Mishi, aliyekuwa anakunja mikono ya gauni hadi juu ya viwiko na kupanga mito.

"Mama, unafanya nini?"

"Ninachokijua."

"Kichwa chako, mama!"

"Kichwa changu Mola alikwishakiandikia siku yake kabla sijazaliwa. Sultani wako hana kalamu hiyo." Akamtazama sawasawa. "Na wewe, mwanangu, fumba macho, kama karani wa msikitini. Ama uyafumbue uje ushike miguu. Peke yangu nitamuumiza. Nyonga hii inataka watu wawili."

Jongo akafumba macho. Akayafumbua. Akayafumba tena. Mwishowe akatoka mbio, kinyumenyume, akajigonga mlangoni, na Bi Mishi akajua amekwenda kumwita Waziri.

Kumbe alikwenda kwa Sultani. Akapiga magoti mbele ya kiti, akasema, "Mtukufu, mimi ni askari wa mpakani, sijui siasa. Ila mama yako anataka watu wawili, na huko yuko mmoja."

Sultani Thabiti akashika mikono ya kiti chake. Waziri Sudi akamwinamia sikioni, "Usinyanyuke, Mtukufu. Hapo ndipo wanapoanguka wote." Na sauti ikapenya ukutani tena, safari hii si ya kugomba.

"Thabiti, mwanangu. Ulikuwa mzito wewe, miezi sita hukuweza kujigeuza. Nilikuwa nakugeuza mimi, ubavu huu na ule, hata nikila nilikuwa natafunia juu yako. Siku uliyogeuka mwenyewe nilipika ubwabwa nikagawa mtaa mzima. Mimi sitaki ubwabwa. Nigeuze mara moja tu."

Sultani akasimama.

Miguu ilikuwa imekufa ganzi ya miezi kumi na moja. Akaanguka hapohapo, mbele ya Baraza zima, akatambaa. Wazee wakafumba macho kwa mazoea. Jongo akamshika kwapa, wakaburutana hadi chumbani, na Sultani wa Milele akaingia kwa mama yake kwa magoti na viganja, kama mtoto wa miezi minane.

"Shika hapa," Bi Mishi akamwambia, bila Mtukufu, bila nini. "Mkono mmoja chini ya bega, mwingine nyonga. Jongo, miguu. Nikisema bismillahi, wote pamoja, polepole. Usimvute, mbebe."

"Nikianguka je?" Sultani akanong'ona.

"Umeshaanguka, mwanangu. Uko sakafuni. Bismillahi."

Wakamgeuza.

Bi Kidawa akatoa pumzi ndefu, kama mtu aliyetua mzigo baada ya safari ya siku nyingi. Dirisha likawa mbele yake. Aliyaona mashamba, akaona jua, ambalo miezi yote hiyo lilikuwa linachomoza na kuzama bila kumuuliza Waziri wa Mgando.

"Mpunga umeshaiva," akasema. Basi. Akaanza kulia na kucheka kwa pamoja.

Thabiti akangojea dunia ianguke. Akasikiliza. Jogoo akawika nje. Punda sita wakapita na gunia lao. Akamtazama Bi Mishi kama mtu aliyedanganywa na mtu asiyemjua.

"Mbona hakuna kilichotokea?"

"Kimetokea," Bi Mishi akasema. "Mama yako amegeuka. Siku si zetu. Anayezipitisha kwa watu ni Mola, na hakutuomba tumshike mkono. Sisi kazi yetu ni kutazama, ikiwa zamu yetu, nani tuliyemwacha kwenye ubavu mmoja."

Kabla hajamaliza, ngoma ikalia upande wa Baraza.

Waziri Sudi alikuwa ameona kiti kitupu. Alieleza baadaye kwamba alikikalia ili kisipoe. Wazee sita walipofumbua macho wakakuta mtu kwenye kiti, na kwa kuwa kazi yao ni kumtii aliye kwenye kiti, wakamtii. Akawa Sultani Sudi wa Milele wa Kweli. Ile tasbihi akaitupa kwenye kikapu. Tangazo lake la kwanza likasomwa sokoni adhuhuri hiyohiyo: kugeuka kumeruhusiwa kabisa. Uchunguzi umeonyesha kwamba mtangulizi wake hakuangushwa na kugeuza mtu, aliangushwa na kunyanyuka kitini. Kwa hiyo ni marufuku kwa raia yeyote wa Daima kunyanyuka kitini.

Kufikia alasiri nchi nzima ilikuwa imejifunga viti makalioni kwa kamba. Watu walikwenda sokoni wamekunja magoti, miguu ya viti inagongana nyuma yao kama mbuzi wa kufungwa. Yule muuza vitumbua sasa aligeuza apendavyo, vikawa vya dhahabu pande zote, na msururu wake ukawa mrefu, wote wamekaa.

Kuhusu Thabiti, Sultani mpya alitaka kumfukuza, lakini kiti chake kirefu hakikufungika makalioni, na sheria ilimzuia kunyanyuka kwenda kumtafuta, na wazee nao vilevile. Wakamsahau. Akabaki chumbani kwa mama yake, ndani ya ikulu, mtu wa kawaida mwenye miguu inayojifunza kutembea upya.

Bi Mishi alikaa wiki tatu. Alimfundisha yote aliyojifunza kwa Mzee Shee: kila baada ya muda wa Sala moja, ubavu mwingine, mto katikati ya magoti, asali asubuhi, mafuta ya nazi mgongoni. Mwanzoni Thabiti alibeba vibaya, akatukanwa. Wiki ya pili alitukanwa kidogo. Wiki ya tatu Bi Kidawa akasahau kumtukana, akawa anamhadithia habari za mpunga. Kidonda kikubwa kikaanza kujaa nyama mpya, nyekundu, safi.

Siku Bi Mishi anafunga kapu lake aondoke, mlango ukagongwa. Akaingia fundi wa kupaka chokaa, na ndoo yake, na kigoda chake kimefungwa nyuma kwa kamba mbili. Alikuwa ametumwa. Ukutani, juu kabisa ya majina yote, palikuwa pameandikwa kwa rangi ambayo haijapauka: *Sultani Thabiti wa Milele.* Ilitakiwa lifunikwe, liandikwe jingine.

Thabiti akalitazama jina lake. Shingo ilimsogea, kama mtu anayetaka kusema neno. Lakini mama yake akamwita, uso bado dirishani.

"Thabiti, mwanangu. Adhana imepita. Zamu ya ukuta."

Akaenda. Mkono mmoja chini ya bega, mwingine kwenye nyonga, akasema bismillahi, akambeba bila kumvuta, na Bi Kidawa akageuka, ametua taratibu, uso kwa ukuta. Akamwona fundi wa chokaa anachovya brashi.

"Paka nyepesi, baba," akamwambia. "Nisipate tabu kubandua."